Kufika Maporomoko ya Materuni kutoka Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mkazi wa Dar es Salaam anayetamani kuona maji yakiporomoka kutoka juu katikati ya msitu hahitaji kusubiri hadi apate fedha za kupanda Mlima Kilimanjaro. Katika miteremko ya kusini ya mlima huo, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini Moshi, kipo kijiji cha Materuni katika kata ya Uru Mashariki, na juu ya makazi ya kijiji hicho yapo maporomoko ambayo urefu wake hukadiriwa kuwa mita 80. Njia ya kuyafikia ni ya miguu. Hupita kati ya migomba na mibuni, kisha huingia kwenye bonde jembamba lenye miti mikubwa, na mtu mwenye afya ya kawaida huimaliza kwa muda wa kati ya dakika 40 na saa moja. Umbali, basi, si tatizo. Kinachowaharibia wengi safari hii ni mpangilio: huenda katika msimu wa tope, hufika kijijini mchana wakati mawingu yameshafunga, na huteremka bondeni wakiwa na viatu vya kuendea Coco Beach. Hatua zinazofuata zimepangwa ili mambo hayo yamalizwe ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Watu wa Dar es Salaam wamezoea kupanga matembezi kwa kufuata sikukuu, lakini kwa Materuni kalenda ya mvua ndiyo inayopaswa kutangulia. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupokea mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, na sehemu kubwa ya maji ya mito yake hutokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, si theluji ya Kibo kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo maporomoko hubadilika kadiri msitu unavyopokea mvua. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji huwa mengi na yenye kishindo, lakini njia nayo hugeuka kuwa utelezi mtupu, na udongo mwekundu wa Uchagani ukishalowa hushika kiatu kwa namna ambayo mchanga wa Kigamboni haujawahi kukuzoesha. Vuli, ambayo kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Desemba, ina usumbufu huohuo, ingawa mara nyingi hupungua makali.

Miezi inayofaa zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari. Juni hadi Agosti kuna baridi, na kuna siku ambazo mawingu hukaa juu ya vijiji tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo njia huwa imekauka vya kutosha na maji yaliyoachwa na masika huwa bado ni mengi. Kwa maoni yangu, Julai ndiyo mwezi wa kushinda yote, kwa kuwa unaupata mteremko mkavu na maji yenye nguvu kwa wakati mmoja. Januari na Februari anga huwa wazi zaidi na uwezekano wa kuuona mlima ni mkubwa, lakini maji huwa yamepungua.

Sasa zitazame sikukuu. Pasaka, ambayo huangukia Machi au Aprili, ndiyo inayovutia kwa sababu ina siku nne za mapumziko, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa safari hii kwa kuwa iko katikati ya masika. Saba Saba na Nane Nane zimekaa mahali pazuri kabisa. Krismasi ina tatizo jingine: Wachaga wengi waishio Dar es Salaam hurudi nyumbani mwezi Desemba, tiketi za Moshi huisha mapema, walanguzi huibuka kila kona, na nyumba za wageni hujaa. Kama huna kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, cha kurudia huko, waachie wenye kwao mwezi huo.

Hatua ya pili: tenga siku tatu

Siku ya kwanza ni ya kusafiri, ya pili ni ya maporomoko, na ya tatu ni ya kurudi. Wapo wanaojaribu kuibana safari hii katika siku mbili kwa kutumia mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Wanashuka Moshi alfajiri, wanakunywa chai stendi, wanapanda Materuni papo hapo, halafu jioni wanageuza. Inawezekana, lakini mtu aliyekaa kwenye kiti usiku kucha huwa hana magoti ya kuaminika, na ajali nyingi za njia kama hii hutokea wakati wa kuteremka, pale miguu inapotetemeka na macho yamechoka. Siku tatu zinakupa pia nafasi ya kuahirisha mambo kwa saa chache iwapo mvua itanyesha asubuhi.

Hatua ya tatu: kata tiketi ya kwenda Moshi

Mabasi ya mikoani huondokea Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, ambacho kilizinduliwa mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya kituo cha Ubungo. Mabasi ya kwanza huanza kuondoka alfajiri, na hayo ndiyo ya kuchagua, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550 na basi linaruhusiwa kwenda kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Ukiongeza mizani, vituo vya chakula na foleni za kutoka mjini, siku yote inakwisha barabarani. Anayetoka Mbagala au Kigamboni afikirie pia jinsi ya kufika Mbezi saa 11 alfajiri. Wengi huona nafuu kulala kwa ndugu upande wa Kimara usiku wa kuamkia safari.

Nunua tiketi siku mbili au tatu kabla, kwa simu au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, na hakikisha jina lako, namba ya kiti, namba ya gari na nauli vimeandikwa. Nauli za mabasi ya mikoani hupangiwa ukomo na LATRA kwa kila daraja la basi, hivyo ukitajiwa bei inayokushangaza unaweza kuilinganisha na nauli iliyotangazwa badala ya kubishana. Wapiga debe watakupokea getini na kukushika begi kwa upole unaotia shaka. Salimiana nao, shika begi lako mwenyewe, na nenda moja kwa moja kwenye dirisha la kampuni iliyoandikwa kwenye tiketi.

Omba kiti cha dirishani upande wa dereva. Barabara hupita Kibaha na Chalinze, hugeukia kaskazini hadi Segera, kisha kuanzia Korogwe na Mombo milima ya Usambara huwa upande huo wa kulia, na baadaye huipokea milima ya Upare kupitia Same hadi Mwanga. Pale Korogwe utavuka Mto Pangani, na inafaa kuutazama vizuri: maji ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, pamoja na yale unayoyafuata, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huteremka kwa mto huo, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, na kuishia Bahari ya Hindi. Basi husimama kwa chakula mara moja, na mara nyingine mbili kwa abiria kuchimba dawa. Kula kidogo, muda wa chakula ni mfupi kuliko foleni ya chipsi.

Njia nyingine zipo. Treni ya TRC ya kwenda Moshi na Arusha ilirejea baada ya kusimama kwa miaka mingi, ambapo Moshi ilifikiwa Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020. Hutumia reli ya zamani, hutembea usiku kucha, na haiondoki kila siku, hivyo ratiba lazima iulizwe kwanza. Isichanganywe na treni ya umeme ya SGR, ambayo huelekea Morogoro na Dodoma; kuna watu wanaokwenda stesheni ya SGR wakitaka tiketi ya Moshi. Ndege kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi KIA hutumia muda wa saa moja hivi, ila bado kuna gari la kukodi kutoka KIA hadi Moshi. Mwenye gari binafsi anaweza kuepuka foleni ya Kibaha kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata.

Hatua ya nne: panga begi dogo

Jambo moja linapaswa kupewa uzito kuliko mengine yote, nalo ni viatu. Chukua viatu vya kufunga kamba vyenye soli ya meno yaliyochongoka, ambavyo umeshavivaa vikauzoea mguu. Raba za mitindo zenye soli laini huteleza kwenye tope na huteleza zaidi kwenye mawe yenye utando wa kijani. Kama soli imelika kiasi kwamba kidole kikipita hakikwami, kiatu hicho kiache nyumbani. Weka pia kandambili kwenye begi kwa ajili ya nyumba ya wageni, na jozi mbili za soksi, kwa kuwa moja italowa.

Joto la Dar es Salaam hutudanganya tunapofunga mizigo. Moshi yenyewe iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 800, na kijijini ni juu zaidi. Asubuhi ya Julai sweta si pambo. Chukua sweta moja, koti jepesi la mvua, suruali isiyobana magotini, nguo za kuogelea kama unakusudia kuingia majini, taulo au kanga, na nguo kavu za kubadilisha. Kanga nakupendekezea kwa moyo wote: inafuta maji, inasitiri wakati wa kubadili nguo, inafunika mabega kwenye baridi, na haichukui nafasi. Ongeza chupa ya maji ya lita moja, vitafunwa vichache, plasta za vidonda, dawa unazotumia kila siku, na kifuko kisichopitisha maji cha kuhifadhia simu, kwa sababu karibu na maporomoko matone husambaa hewani mithili ya manyunyu hata kama mvua hainyeshi.

Fedha taslimu zibebwe kwa noti ndogo. Malipo ya simu yamesambaa, lakini mama anayeuza ndizi mbivu kando ya njia hana haja ya kuhangaika na chenji ya noti yako ya elfu kumi.

Hatua ya tano: maliza mazungumzo ya bei ukiwa Moshi

Ukifika Moshi alasiri au jioni, usiende kulala kabla ya kupanga kesho. Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua ziara kamili kutoka kwa wakala wa utalii mjini, ambayo kwa kawaida hujumuisha gari, mwongozaji, ada ya kijiji, chakula cha mchana na onyesho la kahawa. Ya pili ni kupanda daladala la kwenda Materuni kutoka stendi ya Moshi, na kulipa kila kitu mwenyewe ukifika. Kwa watu wanne au zaidi, kukodi gari na kugawana gharama mara nyingi hukaribiana na bei ya daladala pamoja na usumbufu wake. Kwa mtu mmoja au wawili, daladala ni nafuu sana.

Lolote utakalochagua, uliza maswali manne na upate majibu yaliyonyooka: ada ya kijiji ni kiasi gani kwa Mtanzania, mwongozaji analipwa kwa mtu au kwa kundi, kahawa na chakula vimo au vinalipwa kando, na gari litakusubiri hadi saa ngapi. Ada ya wenyeji na ya wageni wa nje hutofautiana, hivyo beba kitambulisho cha NIDA au nakala yake. Vijana wanaokuzunguka stendi wakijiita waongozaji wengine ni waongozaji kweli na wengine ni madalali wanaochukua chao juu ya bei ya kijiji. Njia rahisi ya kuwatambua ni kumwomba mtu akutajie bei ya kila kitu peke yake. Dalali hutaja jumla tu.

Maporomoko yapo kwenye eneo la kijiji, nje ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ndiyo maana huhitaji kulipia kiingilio cha hifadhi. Ukiona mtu anakudai ada ya KINAPA kwa ajili ya Materuni, muulize inahusiana na nini. Ukitaka kupanda juu zaidi msituni, hilo ni jambo jingine: msitu wa juu uko ndani ya hifadhi tangu mipaka yake ilipopanuliwa mwaka 2005, na huwezi kuingia kiholela.

Hatua ya sita: panda mapema

Ondoka mjini saa 1 asubuhi, au saa 1:30 kwa kuchelewa. Sababu ni mlima. Kilele cha Kibo huonekana vizuri alfajiri na asubuhi. Kadiri jua linavyopanda, mawingu hujikusanya kwenye ukanda wa msitu na kukiziba, na siku nyingi ikifika saa 4 huoni kitu. Barabara hupanda tangu unapouacha mji, na ndani ya daladala utasikia masikio yakiziba kidogo. Hilo ni la kawaida. Mwinuko huu uko chini ya ule ambao maradhi ya mlimani huanza kusumbua watu, yaani mita 2,500 hivi, lakini mtu aliyeshuka jana kutoka usawa wa bahari atahema zaidi ya alivyozoea, na hapaswi kuona haya kupumzika.

Kijijini utaandika jina kwenye kitabu cha wageni, utalipa ada na kupewa risiti. Idai risiti hata kama mazungumzo yamenoga. Ada hiyo ni mapato ya kijiji, na risiti ndiyo inayohakikisha inafika huko. Kisha utapewa mwongozaji. Njia inaonekana wazi, na wapo watakaokuambia unaweza kwenda peke yako. Mimi ningeshauri mwongozaji kwa sababu mbili: anajua sehemu ambayo udongo umemeguka tangu juzi, na anajua vihamba vya nani mnapita. Njia hizi ni za watu wanaoishi hapo. Watoto wanazitumia kwenda shule, akina mama wanashuka nazo na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, na anayepanda na mzigo hupishwa, nawe ukae upande wa mlima, si upande wa korongo. Wazee waamkiwe kwa shikamoo. Usimwite kila mwanaume unayemkuta Mangi kana kwamba uko dukani Sinza. Mzee ni mzee, au babu, na vijana ni kaka na dada.

Tembea taratibu ukitazama, kwa kuwa sehemu hii ina utajiri mwingi kuliko inavyoonekana. Kihamba cha Kichaga hupandwa kwa ghorofa: juu kuna miti ya kivuli kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kuna mibuni ya arabika, na ardhini kabisa kuna magimbi, maharage na mboga. Katikati ya yote hayo hupita mifongo, mifereji ya kumwagilia iliyochimbwa na wazee tangu zamani na inayotunzwa kwa zamu. Usioshee viatu kwenye mfongo. Chini yako kuna nyumba inayoyatumia maji hayo. Utaona pia mimea mirefu yenye majani mapana ya kijani iliyopandwa kwa mstari kama ua. Hayo ni masale, na hutenganisha mipaka ya vihamba, huwekwa makaburini, na hupelekwa kwa mtu anapoombwa msamaha. Usiyachume ili kupamba picha yako.

Baada ya mashamba njia huteremka na kuingia bondeni, hewa hubaridi ghafla, na sauti ya maji huanza kusikika kabla ya kuonekana. Hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Teremka ukiwa umekunja magoti kidogo, kanyaga kwa unyayo wote badala ya kisigino, na usishike shina lolote kabla ya kulijaribu, kwa sababu mengine yameoza ndani. Ukibahatika utaona mbega weusi wenye mikia mirefu meupe kwenye miti ya juu. Ukikosa, vinyonga wapo, ingawa jicho la mwongozaji litawaona kabla ya lako. Mvua ikikukuta kwenye sehemu hii, simama chini ya uamuzi wa mwongozaji. Akisema turudi, rudini bila kuhesabu hela mliyolipa.

Hatua ya saba: kwenye maji

Unapotokeza bondeni maporomoko huonekana yote kwa mara moja: ukuta wa mwamba mweusi uliolowa, mstari mweupe wa maji ukishuka kutoka kwenye ukingo wenye miti, na chini yake bwawa dogo lililozungukwa na mawe makubwa. Upepo unaotoka kwenye maji husukuma manyunyu kuelekea kwako, na ndani ya dakika chache kope zako zinakuwa na matone. Piga picha zako za kwanza ukiwa mbali, kabla ya kioo cha simu kulowa, na ubaki na kitambaa kikavu mfukoni kwa ajili ya kukifuta.

Kuogelea kunaruhusiwa, na wengi huja kwa ajili hiyo. Maji ni ya baridi sana. Aliyezoea bahari ya Mjimwema atakata pumzi kwa sekunde za mwanzo. Ingia polepole, miguu kwanza, kisha lowesha shingo na kifua kabla ya kuzama, kwa sababu anayejirusha ghafla kwenye maji ya baridi anaweza kuvuta pumzi ndani ya maji bila kukusudia. Kaa dakika chache tu. Misuli ya shavu la mguu ikianza kukaza, toka. Asiyejua kuogelea abaki ukingoni, maana kina cha bwawa hubadilika kulingana na mvua na mawe yanayosogezwa na mafuriko. Watoto washikwe mkono muda wote.

Usiende kusimama chini kabisa ya maji yanayoanguka, hata kama utawaona wengine wakifanya hivyo. Mto huo huleta mawe na vipande vya miti kutoka juu, na kitu kidogo kinachoanguka kutoka mita 80 si kidogo tena kikifika chini. Jambo la pili la kulichunga ni rangi ya maji. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu msituni wakati bondeni kuna jua. Ukiona maji yanageuka kuwa ya kahawia, au majani makavu yanaongezeka, au mngurumo unabadilika, chukua vitu vyako na upande juu ya njia mara moja. Usisubiri uhakika.

Sabuni haina nafasi hapa, wala chupa tupu. Utakachoingia nacho utoke nacho, hadi ganda la karanga.

Hatua ya nane: kahawa, kisha chakula

Kupanda kutoka bondeni ndiyo kazi halisi ya siku, na ukirudi kijijini ukiwa umelowa na umechoka utaelewa kwa nini onyesho la kahawa huwekwa mwishoni. Huanza na tunda jekundu la mbuni, ambalo huingizwa kwenye mashine ya kuzungushwa kwa mkono ili kutenganisha ganda na punje. Punje zenye utelezi hulowekwa, huoshwa na kuanikwa kwa siku kadhaa, hivyo utaoneshwa zilizokwisha kukauka. Zinatwangwa kwenye kinu ili ganda jembamba litoke, zinapepetwa kwenye ungo, kisha zinamwagwa kwenye chungu juu ya moto wa kuni na kugeuzwa bila kupumzika. Sikiliza: punje hupasuka kwa mlio mdogo, moshi huwa wa bluu, na rangi hutoka kijivu hadi kahawia iliyoiva. Kisha hurudi kwenye kinu, safari hii kwa wimbo, na mgeni hupewa mchi. Ushike juu ya katikati na uuachie ushuke kwa uzito wake, la sivyo utachoka kabla ya ubeti wa pili. Unga huchekechwa, huchemshwa, na unakunywewa hapohapo.

Zao hili liliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari, na ushirika wa wakulima wake, KNCU, uliundwa mwaka 1933, hivyo unachokiona si maigizo ya watalii tu. Kama kahawa imekupendeza, nunua pakiti kwa mkulima mwenyewe. Fedha inabaki kijijini na wewe unapata kahawa ambayo tarehe ya kukaangwa unaijua.

Chakula cha mchana mara nyingi huwa ndizi. Omba mtori kama unataka kitu chepesi cha kupasha mwili, au machalari kama njaa ni kali. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, itakuwapo kwa wanaotumia. Inywewe baada ya bonde, na dereva asiiguse kabisa.

Uliza mapema saa ya daladala la mwisho kushuka mjini, na lenga kuwa stendi ya kijiji kabla ya saa 10 jioni. Kushuka kwa bodaboda kwenye mteremko huo wakati wa mvua sikushauri. Ukiumia zaidi ya michubuko, hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, na mwongozaji atajua gari la haraka ni la nani.

Kwa wasioweza bonde la Materuni

Kama katika msafara wako kuna bibi mwenye magoti mabovu au mtoto wa kubebwa mgongoni, nendeni Marangu badala yake. Maporomoko ya Kinukamori ni madogo kwa kulinganisha, lakini ni mwendo mfupi kutoka Marangu Mtoni, na pana simulizi ya binti aliyeitwa Makinuka ambayo wenyeji watakusimulia. Kutoka Dar es Salaam unashuka Himo, kabla ya kufika Moshi. Na kwa mwenye siku mbili tu, Lushoto iko karibu zaidi: unashuka Mombo, unapanda gari la kwenda juu, na maporomoko ya Soni unayaona kando ya barabara hiyohiyo.

Hatua ya mwisho: kurudi

Tiketi ya kurudi inunuliwe jioni ya siku ya maporomoko, kabla ya kula, hasa kama kesho yake ni Jumapili. Chagua basi la asubuhi, ili ushuke Mbezi wakati daladala bado zipo na hujalazimika kupatana bei na dereva wa teksi ukiwa na begi mgongoni. Viatu vyenye tope vifungwe peke yake ndani ya kitambaa na viwekwe chini ya kiti, kahawa iwekwe mbali navyo, na mkungu wa ndizi, kama umeshindwa kujizuia kuununua, ulipiwe kwenye buti la basi na uandikwe jina lako.